Nani mwenye neno la mwisho juu ya mama?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 79, baba alishafariki. Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko nchi nyingine na ndiye anayetuma pesa kila mwezi. Mimi ni wa pili, naishi na mama, huu mwaka wa tatu. Mdogo wangu wa kike anataka mama apelekwe makao ya wazee, ambako kuna watu wa kumwangalia usiku na mchana. Kaka anasema tukimtoa nyumbani kwake tutakuwa tumemuua. Kitinda mimba amejitoa kwenye kundi la familia kwenye simu. Mama ameanguka bafuni mara mbili ndani ya miezi miwili, juzijuzi aliwasha jiko la gesi akaenda kulala, na wiki mbili hizi ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mwenyewe anasema, "Sitoki hapa." Kikao cha mwisho kilivunjika kaka aliposema, "Mimi ndiye ninayelipa." Naomba unijibu mawili: nani mwenye neno la mwisho? Na nikisema nimechoka, nitakuwa mtoto mbaya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Yote mawili nitayajibu, ila naanza na ambalo hukuniuliza. Nilipofika kwenye maneno "wiki mbili hizi" nilirudi kuisoma barua yako tangu mwanzo. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, demenshia, kwa kawaida huingia polepole, miezi na miaka, mpaka familia inashindwa kusema ulianza lini. Mzee anayebadilika ndani ya siku chache au wiki mbili huenda ana kitu kingine kinachomsumbua, peke yake au juu ya demenshia, na mara nyingi kitu hicho kinatibika. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumchanganya mzee bila homa kali na bila yeye kulalamika maumivu. Nimonia nayo vilevile. Kukaukiwa maji mwilini, choo kigumu cha siku nyingi, sukari iliyoshuka, dawa mpya. Kwa mama yako kuna zaidi ya hayo: ameanguka mara mbili. Mzee akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya ubongo na fuvu, dalili zikachelewa kwa wiki kadhaa, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda hatari inaongezeka. Mpeleke hospitali leo, usisubiri kikao. Ukifika, sema haya mawili kabla ya mengine yote: ameanguka mara mbili, na amebadilika ndani ya wiki mbili. Usiseme "ni uzee tu." Ukilisema wewe, na wao watalipokea.

Nenda na dawa zake zote, pamoja na zile za kununua bila cheti na zile alizogawiwa na jirani. Nakumbuka mzee mmoja ambaye watoto wake walifika kwangu wakiwa hawasalimiani. Mmoja alitaka nyumba ya baba iuzwe ili zipatikane gharama za kumtunza, mwingine alishatafuta wakili wa kuzuia. Nikaomba mfuko wa dawa, tukaumwaga mezani. Aina 11. Dawa moja ya usingizi ilitoka kwa daktari mmoja, ya pili yenye kazi ileile ilitoka kwa mwingine ambaye hakuambiwa habari za wa kwanza, na juu yake kulikuwa na kidonge cha mafua, kile kinacholeta usingizi, ambacho mzee alikuwa akijinunulia na kumeza kila jioni "nipate kulala vizuri." Vidonge hivyo vya mafua na mzio vya aina ya zamani hukausha kinywa, huziba mkojo na choo, na huvuruga kumbukumbu ya mzee. Pamoja na dawa za usingizi, vimo katika orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee ambayo daktari Mark Beers na wenzake waliitoa Marekani mwaka 1991, na bado inasahihishwa hadi leo. Tulizipunguza kidogo kidogo, maana dawa za usingizi hazikatwi ghafla. Baada ya mwezi na nusu mzee alikuwa akisoma gazeti na kubishana na lilichoandika. Hakurudia ujana, lakini hoja ya kuuza nyumba ilikufa yenyewe, na wakili akapumzishwa.

Mwombe daktari pia ampime mama shinikizo la damu akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, basi huenda sababu mojawapo ya kuanguka bafuni ndiyo hiyo, na pengine dawa ya presha ndiyo inayotakiwa kupunguzwa. Apimwe macho na masikio. Apimwe damu kwa ajili ya tezi ya shingo na vitamini B12. Aulizwe kama ana huzuni, kwa sababu sonona ya uzeeni hujivika sura ya usahaulifu. Mpaka majibu ya haya yatoke, msiamue lolote lisiloweza kurudishwa: msiuze, msivunje upangaji, msihamishe.

Sasa kaka yako. Usimkasirikie haraka. Ninyi wanne hamgombani juu ya mama mmoja. Kaka anamjua mama wa kwenye simu. Mama huyo huwa amekaa kitako, amejiandaa, anauliza habari za wajukuu, anacheka mahali pa kuchekea, na baada ya dakika 20 anaaga. Uhodari huo wa mazungumzo hudumu muda mrefu hata kumbukumbu inapochakaa. Mzee anaweza kukutania vizuri kabisa kisha asikumbuke kama amekula. Mdogo wako wa kike anamjua mama wa bafuni, aliyemkuta sakafuni. Wewe unamjua mama wa saa tisa usiku. Kitinda mimba, nadhani, bado anamtafuta mama aliyemlea, na akija hamkuti, basi haji. Kila mmoja akifika kikaoni anamtetea mama wake, na kila mmoja anasema kweli.

Madaktari wa Marekani wana utani juu ya hili. Mwaka 1991 ulichapishwa katika jarida la madaktari wa wazee uchambuzi uliompa jina yule ndugu wa mbali anayeshuka kwenye ndege, anaingia wodini na kutaka kila kitu kibadilishwe: "binti wa kutoka California." Nimekutana naye mara nyingi, wa kiume na wa kike. Zamani alikuwa akinikera. Siku hizi naona kwamba hatia ya kutokuwepo ndiyo humpandisha sauti, na kwamba wakati mwingine anaona jambo ambalo ninyi wa karibu mmeshalizoea. Aliyeondoka mama akiwa na mashavu, akarudi baada ya mwaka, ndiye anayeshtuka kwamba amekonda. Mliokaa naye mmekonda pamoja.

Dawa ya mama wanne ni daftari moja. Siku saba, usiku na mchana, andika kilichotokea bila kuandika unavyojisikia. Usiandike "amenisumbua usiku kucha." Andika: "Saa 8:10 usiku ameamka, amekwenda mlangoni, amejaribu kufungua, amerudi kitandani saa 9:00 baada ya kushikwa mkono." Ukitaka cha kujipimia, kipo kipimo cha daktari Sidney Katz na wenzake cha mwaka 1963, cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja andika kama anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au anafanyiwa. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza mambo manane ya kuendesha maisha: simu, ununuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na pesa. Haya manane kwa kawaida huharibika kabla ya yale sita. Ndiyo maana mzee anayeoga na kuvaa vizuri kabisa anaweza kuwa ameshashindwa dawa na jiko, na aliye mbali asiamini.

Siku ya sita au ya saba, mpe mdogo wako daftari akae yeye na mama, wewe ulale kwingine. Na kaka akija likizo, asikae sebuleni kama mgeni. Alale chumba cha mama siku tatu, peke yake, bila wewe kumwekea kila kitu tayari. Nimeona daftari la kurasa nane likimaliza ubishi wa miaka miwili, na nimeona pia likimshtua aliyeliandika mwenyewe. Dada mmoja aliniambia, "Sikujua kwamba naamka mara nne."

Sasa swali lako la kwanza. Mwenye neno la mwisho juu ya mama ni mama.

Najua utasema: daktari, mtu anayeniita jina la marehemu ataamuaje? Uwezo wa kuamua haupotei wote kwa siku moja kama taa inavyozimika. Unapimwa kwa swali moja moja. Mtu anaweza kushindwa kusimamia hesabu ya benki na bado akajua vizuri kabisa nani amwogeshe. Mwaka 1988 Paul Appelbaum na Thomas Grisso waliyaweka wazi mambo manne ambayo madaktari wengi bado wanayatumia. Anaelewa alichoambiwa, kiasi cha kukieleza kwa maneno yake? Anakubali kwamba kinamhusu yeye na si mtu mwingine? Anaweza kupima hili dhidi ya lile? Anaweza kusema anachotaka, na akirudiwa baadaye asibadilike kila dakika? Akiyapita manne katika swali hilo, jibu lake ni jibu, hata kama ninyi mnaliona baya. Watu wazima wanaruhusiwa kuchagua vibaya. Sisi sote tumeitumia ruhusa hiyo sana tu.

Muulize baada ya kutibiwa hicho kilichomchanganya. Muulize saa yake nzuri, ambayo kwa wengi ni asubuhi, kwa kuwa jioni kuchanganyikiwa huzidi. Avae miwani, na kama ana kifaa cha masikio akivae. Mkae wawili au watatu tu. Swali liwe moja, fupi, na mnyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunaposhindwa: mzee huchukua sekunde kumi kulipata neno, mtoto anakata tamaa sekunde ya nne na kumjibia. Nimeshawahi kumwomba mtoto wa mgonjwa, tena mtu mzima mwenye heshima zake, atoke nje achukue maji, kwa sababu baba yake alikuwa amegeuka kuwa msikilizaji wa maisha yake mwenyewe.

Na "sitoki hapa" msiichukue kama jibu la swali lenu. Ni mlango, uufungue uone kilichomo. Muulize: "Mama, ukitoka hapa unaogopa nini kitatokea?" Wako wanaoogopa kufa kati ya watu wasiowajua. Wako wanaoogopa kuoshwa na mwanamume. Wako wanaodhani wakiondoka vitu vyao vitagawanywa wakiwa bado hai, na wakati mwingine hawajakosea. Bibi mmoja alikataa miezi minane. Binti zake walimletea picha za bustani, za vyumba, za wahudumu waliovaa sare. Akageuzia uso ukutani. Muuguzi wangu ndiye aliyemuuliza swali hilo. Bibi akafungua mkono: alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba yake, ameuviringishia kitambaa. Alidhani siku ya kuondoka atanyang'anywa. Walipokubaliana kwamba utakaa shingoni mwake, akaenda kwa mwanawe kwa majaribio ya mwezi. Sisemi kila kukataa kuna ufunguo ndani yake. Wengine wanakataa kwa sababu hawataki, basi.

Akishindwa yale manne, hapo ndipo ninyi mnaingia, na bado si kwa kusema mnachotaka ninyi. Swali linakuwa: mama, akiwa na akili zake timamu, angesema nini? Rudini kwenye maneno yake ya zamani, jinsi alivyomuuguza mama yake, alichosema jirani alipolazwa, alichokidharau na alichokipenda. Hapo ninyi wanne ni mashahidi, na kitinda mimba anaweza kuwa shahidi bora kuliko kifungua mimba.

Kisheria, mambo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mwone mwanasheria wa huko mliko. Ila usitegemee kwamba kuzaliwa kwanza kunampa mtu saini ya mama, wala kwamba kutuma pesa kunampa. Kinachotoa saini ni hati ambayo mama mwenyewe anamteua mtu wa kumwakilisha, na hati hiyo anaiandika akiwa bado anaelewa anachokiandika. Akishapoteza uelewa, kwa kawaida njia inayobaki ni mahakama, na mahakama ni polepole na ghali. Basi kama hospitali itamrudishia mama utulivu wake, msimpotezee dirisha hilo. Na mteule wa afya si lazima awe mteule wa pesa. Mimi napenda wawe watu wawili tofauti, wenye kusikilizana.

Nije kwa "mimi ndiye ninayelipa." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa macho ni mwepesi. Wiki ina saa 168. Chukua karatasi, chora saa zote hizo, kila saa iandikwe jina la aliyekuwa na mama, hata kama mama alikuwa amelala, kwa maana anayelala kwa kusikiliza hajalala. Sitaki kubahatisha jina lako litaonekana mara ngapi. Mpelekee kaka karatasi hiyo bila maneno makali, na umwombe naye aongeze safu ya pesa anazotuma. Pesa zake ni za kweli, huenda anajinyima ambayo hamyajui, na hajawahi kushukuriwa ila kwa ujumbe wa "imefika." Sasa mna safu mbili kwenye karatasi moja, na mnaweza kubadilishana. Pesa inaweza kununua saa: mtu wa kulala na mama usiku tatu kwa wiki. Aliye mbali anaweza kufanya kazi zisizohitaji kuwepo, kama kupanga miadi ya hospitali, kufuatilia bima, kulipa bili, na kumpigia mama kila jioni ile saa anapoanza kuhangaika. Na anaweza kuja wiki tatu kwa mwaka ili wewe uondoke. Namaanisha uondoke kweli, hata kama mtakutana mlangoni tu, yeye akiingia na wewe ukitoka.

Na swali lako la pili, la mtoto mbaya. Hapana. Kuchoka kwa walezi ni jambo linalopimika. Steven Zarit na wenzake walitengeneza dodoso lake mwaka 1980, na toleo linalotumika sana lina maswali 22. Yanauliza mambo ambayo mlezi haongei kanisani wala msikitini: unamwonea aibu mzee wako? unamkasirikia ukiwa karibu naye? unatamani mtu mwingine angemchukua? Yapo kwenye dodoso kwa sababu walezi wa kawaida, wenye upendo, huyajibu ndiyo. Mimi kinachonitia wasiwasi ni mlezi anayejibu sifuri kila mahali. Huyo ndiye siku moja huja kwangu analia kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.

Kuna mstari mmoja lakini. Kama umeshawahi kumvuta mkono kwa nguvu zaidi ya ulivyokusudia, au umemfungia mlango, au umemnyima maji jioni ili usiamke kumpeleka msalani, basi usingoje kikao. Mpigie mdogo wako usiku huohuo, aje achukue zamu. Sikuulizi kama imetokea. Nakuambia kwamba hutokea kwa watu wema waliokosa usingizi, na kwamba tiba yake ni mtu wa pili ndani ya nyumba.

Kikao kijacho kiwe cha swali moja. Vikao vya familia huvunjika kwa sababu vinaitwa "kujadili suala la mama," halafu ndani ya robo saa watu wako kwenye nani alisomeshwa na nani hakusomeshwa. Swali liwe dogo kiasi cha kujibika: mama atalala na nani usiku kwa wiki sita zijazo? Mama awepo mwanzoni aseme lake, kisha mwacheni akapumzike, wala msimjadili kana kwamba hayupo naye amekaa hapo. Mashemeji na mawifi wasipige kura, ila kama nyumba inayotajwa ni ya wifi yako, basi aulizwe kwanza yeye, peke yake, mbali na kikao. Nimeona wazee wakikaribishwa na mwana na kufukuzwa na ukimya wa mke wa mwana, na mke huyo hakuwahi kuulizwa. Mtafute wa kuongoza ambaye hana kura: mjomba au shangazi anayeheshimika, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi, kiongozi wa dini. Mkikubaliana, mmoja aandike kabla hamjainuka, na tarehe ya kurudi kutazama iandikwe pia. Neno "kwa majaribio" limeokoa familia nyingi nilizoziona, kwa kuwa anayekubali majaribio hajashindwa.

Msichanganye jiko na makazi. Mengi yanayowatisha yana tiba ndogo kuliko kuhama. Gesi ifungwe kwenye mtungi au kwenye bomba kila baada ya kupika, mama asiweze kuifungua peke yake, au jiko libadilishwe liwe la kujizima lenyewe. Bafuni wekeni vyuma vya kushikilia vilivyofungwa ukutani kwa skrubu. Kishikizo cha taulo hakibebi mtu. Sakafu isiteleze, kiti cha kuogea kiwepo, taa iwake usiku kucha kutoka kitandani hadi msalani, na mikeka midogo iondolewe, hata ile aliyoisuka mwenyewe. Kuanguka si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 684,000 kwa mwaka duniani kutokana na kuanguka, na vingi zaidi huwapata waliovuka miaka 60. Mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama bila kuyumba. Hata katika umri wa mama yako mazoezi hayo hupunguza kuanguka.

Kama baada ya yote hayo bado anahitaji watu wawili kumnyanyua, au anatoka nje usiku, au wewe umeanza kuugua, basi mdogo wako ana hoja, na kaka hana haki ya kuiita mauaji. Makao mazuri yapo na mabaya yapo, kama ambavyo nyumba za watoto nzuri zipo na mbaya zipo. Yatembeleeni bila miadi, jioni, siku ya mapumziko. Nusa. Tazama kama wahudumu wanawaita wazee kwa majina. Uliza usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, kisha muulize swali hilohilo mhudumu mwenyewe uone kama namba ni ileile. Na ukishampeleka, ukitembelea mara kwa mara bila ratiba, matunzo hubadilika. Hilo nalisema kwa uzoefu wa kusimama pande zote mbili za kitanda.

Kuna maswali ambayo familia nyingi huyaahirisha mpaka saa mbaya. Mama akishindwa kumeza kabisa, atataka mrija wa chakula? Moyo ukisimama, atataka ushtuliwe? Akiwa mahututi, atataka hospitali au kitanda chake? Muulizeni sasa, kwa upole, si yote siku moja. Niseme moja kwa sababu huwagombanisha ndugu sana: katika demenshia iliyofika mwisho, mrija wa chakula haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni, na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilishauri mwaka 2014 mgonjwa alishwe taratibu kwa mkono, kadiri anavyopenda, badala ya mrija. Kaka yako akijua hilo leo, siku hiyo hatasema mmemnyima mama chakula. Na ulizieni tiba shufaa mapema. Wengi huiogopa wakidhani ni ya kumngojea mtu afe, kumbe wataalamu wake ndio hodari wa kutuliza maumivu, kichefuchefu na woga, na wanaweza kuwa nanyi kwa miaka.

Sasa funga simu, umpeleke mama hospitali. Ukiwa foleni utapata muda wa kumpigia kitinda mimba. Usimpigie kuhusu kundi alilojitoa, wala usimsomee makosa. Mwambie mama yuko hapa, anapimwa, na Jumamosi unaomba alale naye usiku mmoja tu, wewe ulale.